Kujenga mfumo kipande kwa kipande: mwongozo kamili kwa timu ndogo za Nyanda za Juu Kusini

Mwenyekiti wa ushirika anapowaita vijana wa kompyuta, mara nyingi hutaka mambo matatu: mfumo wenye kila kitu, bei moja na tarehe moja. Vijana wanaitikia, wanarudi Mbeya mjini na kujifungia miezi sita wakiandika programu. Siku ya kukabidhi kila mtu anapiga makofi. Baada ya wiki mbili karani wa mapokezi amerudi kwenye daftari lake, kwa sababu mfumo haujui kwamba Mama fulani huleta maziwa kwa kadi ya marehemu mumewe, wala haujui pumba zilizokopwa wiki iliyopita. Karani hana kosa. Mfumo ulijengwa bila yeye.

Mwongozo huu unaeleza namna nyingine ya kufanya kazi hiyo, yaani kujenga kwa mizunguko mifupi, kila mzunguko ukiishia mikononi mwa mtu anayeutumia mfumo kazini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza. Wiki mbili za kuandika msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao hakuna aliyeutumia haziwi mzunguko, hata kama timu imefanya vikao vyote na ubao umejaa karatasi za rangi.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Rungwe, chenye karani mmoja, meneja, na wafugaji mia kadhaa wanaofuga ng'ombe mmoja mmoja au wawili bandani na kuwalisha matete. Nimeuchagua kwa sababu maziwa huja kila siku. Ukikosea leo, kesho asubuhi unajua. Anayejenga mfumo wa kahawa Mbozi hana bahati hiyo. Msimu ni mmoja kwa mwaka, na akichelewa kuanza anasubiri mwaka mzima ili ajue kama kazi yake ina maana.

Njia hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1970 Winston Royce, mhandisi wa programu wa Marekani, aliandika kuhusu kujenga programu kwa hatua zinazofuatana kama maporomoko: mahitaji, usanifu, kuandika, kujaribu, kukabidhi. Wengi walichukua mchoro wake na kuuacha ujumbe wake, kwani mwenyewe alisema kufuata hatua hizo moja kwa moja ni hatari, akashauri kazi mpya ifanywe mara mbili. Mwaka 1975 Victor Basili na Albert Turner walieleza namna ya kuanza na sehemu ndogo inayofanya kazi na kuiboresha kwa kurudia. Programu ya kuendeshea chombo cha anga cha Space Shuttle cha Marekani ilijengwa kwa mizunguko 17 ndani ya miezi 31, kati ya 1977 na 1980. Walipokutana watu 17 huko Snowbird, Utah, Februari 2001 na kuandika Ilani ya Agile, tamko la kujenga programu kwa vipande vidogo na kukubali mabadiliko, walikuwa wanalipatia jina jambo ambalo wengine walishalifanya kwa miaka mingi.

Hatua ya 1: Kaa kituoni kabla ya kufungua kompyuta

Nenda alfajiri, siku tatu au nne, na mojawapo iwe siku ya malipo. Chukua koti la mvua, maana Tukuyu, mji mkuu wa Rungwe, mvua haina adabu. Usiende na fomu ya maswali. Keti pembeni ya karani, angalia.

Utaona wafugaji wakifika na ndoo na madumu. Wengine wametuma mtoto au bodaboda. Karani anaweka laktomita kuona kama maziwa yameongezwa maji: maziwa mazima ya ng'ombe huwa na uzito wa karibu gramu 1.03 kwa mililita, na maji hushusha kipimo hicho. Anachanganya maziwa kidogo na alkoholi, na yakigandamana anayakataa kwa sababu yameanza kuchacha. Kisha anapima lita, anaandika kwenye daftari na kwenye kadi ya mfugaji. Yote hayo kwa dakika moja hivi, huku foleni ikisogea na gari la kiwandani likisubiriwa.

Sasa tazama pembezoni mwa kurasa. Huko ndiko mfumo halisi uliko. Safu za daftari zinasema jina, namba, lita. Pembezoni kumeandikwa kwa kalamu nyekundu "pumba mfuko 1", "dawa", "amechukua mwanawe". Hayo ni makato na mikopo, na siku ya malipo ndiyo yanayoleta ugomvi. Mwenyekiti hatakwambia habari zake kwenye kikao, kwa sababu kwake ni mambo madogo ya karani.

Uliza maswali machache, kwa heshima, foleni ikiisha.

"Shikamoo mama. Ukikosea kuandika lita, unafanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Nakata kwa mstari mmoja, naandika juu yake, naweka sahihi. Sifuti. Nikifuta watasema nimeiba."

Jibu hilo moja lina thamani kuliko waraka wa mahitaji wa kurasa arobaini. Limekupa kanuni ya kanzidata yako, yaani hifadhi ya rekodi zote za mfumo: rekodi haifutwi, inasahihishwa kwa rekodi nyingine inayoonyesha nani amesahihisha na lini.

Hatua ya 2: Andika orodha ya kazi, kisha ipange

Kila kitu ulichokiona kiandike kwa sentensi moja yenye mtu, kitendo na sababu. "Karani anaandika lita za mfugaji ili jumla ya asubuhi ilingane na tanki." "Mfugaji anapata ujumbe wa lita zake ili asisubiri siku ya malipo kugundua kosa." "Meneja anaona makato ya kila mfugaji kabla ya kulipa." Epuka sentensi kama "moduli ya usimamizi wa wanachama". Hakuna mtu kituoni anayefanya kazi inayoitwa hivyo.

Halafu panga. Juu kabisa weka vitu vyenye sifa mbili: vinamsaidia mtu mapema, na vinabeba wasiwasi mkubwa. Katika mfano wetu wasiwasi mkubwa ni kama karani ataweza kuandika kwenye simu kwa kasi ya foleni. Kama jibu ni hapana, ripoti zote nzuri za mwenyekiti hazina data ya kusoma. Kwa hiyo jambo hilo linajaribiwa kwanza, na ripoti zinashuka chini.

Vya chini kwenye orodha viache vikiwa vifupi na visivyo kamili. Kuvichambua sasa ni kupoteza muda, kwa kuwa nusu yake vitabadilika.

Kabla ya kuendelea, uliza kama chama tayari kinatumia MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wa kusimamia vyama. Usijenge upya kilichopo. Uliza pia habari ya taarifa za watu: majina, namba za simu na mapato ya wafugaji ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kusanya zile tu ambazo mzunguko uliopo unazihitaji. Namba ya kitambulisho cha taifa haihitajiki ili kuhesabu lita.

Hatua ya 3: Mkataba unaokubali mabadiliko

Hapa ndipo timu nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ushirika hauwezi kutoa pesa hovyo. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu, na bodi hutumia fedha kulingana na makisio yaliyopitishwa. Ukiwaambia "tutajua bei tukifika", wamekosa cha kupeleka kwa wanachama. Ukiwapa bei moja ya mfumo wote, umejifunga kwa mambo usiyoyajua, na kila badiliko litakuwa vita.

Njia inayofanya kazi ni kuweka ukomo wa jumla, kisha kugawa malipo kwa mizunguko. Mkataba useme: bajeti haitazidi kiasi fulani, kazi itafanywa kwa mizunguko ya wiki mbili, mwisho wa kila mzunguko timu itaonyesha kitu kinachotumika kituoni, bodi inaweza kusimamisha kazi baada ya mzunguko wowote kwa kulipia yaliyofanyika, na orodha ya kazi inaweza kupangwa upya na pande zote mbili mwanzoni mwa kila mzunguko. Weka pia kwamba msimbo na data ni mali ya chama tangu siku ya kwanza, na chama kinapewa nakala kila mzunguko ukiisha.

Kwa bodi, ueleze mpango huu kama ulinzi wa pesa za wanachama. Wazee wa ushirika wanaelewa haraka sana wazo la kutolipia ng'ombe kabla ya kumuona akikamuliwa. Kinachowapa shaka ni neno "mabadiliko", kwa sababu wamezoea kwamba fundi anayetaka kubadilisha anataka kuongeza bei. Waonyeshe ukomo wa bajeti kwa maandishi. Kitu kipya kikiingia juu ya orodha, kingine kinashuka, na pesa inabaki ileile.

Mteueni mtu mmoja upande wa chama mwenye kauli ya mwisho kuhusu kipi kitangulie. Mara nyingi meneja anafaa kuliko mwenyekiti, kwa kuwa yuko kituoni kila siku. Bodi nzima haiwezi kupanga orodha.

Hatua ya 4: Chagua urefu wa mzunguko na siku zake

Mwongozo wa Scrum, mmoja wa mifumo maarufu ya kujenga kwa mizunguko, unaruhusu mzunguko wa hadi mwezi mmoja. Kwa timu ya watu wawili au watatu, wiki moja au mbili zinatosha, na maoni yangu ni wiki mbili mwanzoni, kwa sababu safari ya Mbeya hadi Tukuyu na kurudi inakula siku.

Urefu ukishachaguliwa usiubadilishe. Kazi isipoisha, punguza kazi; tarehe ibaki. Timu inayosogeza tarehe mara moja itaisogeza tena, na karani ataacha kuwasubiri.

Fungamanisha mizunguko na kalenda ya kituo. Toleo jipya lisiingie siku chache kabla ya malipo, wala siku ya soko, wala Jumapili asubuhi wakati karani anawahi kanisani. Likiingia Jumatatu, mna siku za kutosha za kurekebisha kabla wiki haijaisha. Kwa anayejenga mfumo wa kahawa, hesabu kinyumenyume: mizunguko yote ya kupokea mzigo iwe imeisha kabla msimu haujafunguliwa, na majaribio yafanywe kwa data ya daftari la mwaka jana.

Hatua ya 5: Kipande cha kwanza kiwe chembamba

Mzunguko wa kwanza usijenge kanzidata nzima, wala kurasa za kuingilia zenye nembo. Jenga njia moja nyembamba inayotoka mwanzo hadi mwisho: karani anaandika namba ya mfugaji, anaandika lita, anabonyeza hifadhi, anaona jumla ya asubuhi. Basi. Hakuna makato, hakuna bei, hakuna ripoti. Mtumiaji ni mmoja, simu ni moja.

Kinaonekana kidogo mno, na utaona aibu kukionyesha. Kionyeshe. Ndani yake kuna simu, kanzidata, seva (kompyuta inayopokea rekodi) na intaneti ya Rungwe vikifanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo matatizo makubwa hujificha. Mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, je? Vidole vya karani vina maziwa, kioo kinakubali? Mwanga wa saa 12 alfajiri unatosha kusoma maandishi?

Kabla ya kuanza, kubalianeni maana ya "imekamilika" na muibandike ukutani. Kwa mfano wetu: imejaribiwa kwenye simu ileile ya karani, mwenzako ameupitia msimbo, nakala ya akiba imechukuliwa, na karani ameitumia asubuhi moja bila msaada. Kazi iliyofika "asilimia tisini" haihesabiwi.

Hatua ya 6: Kazi za ndani ya mzunguko

Kila siku kutaneni dakika kumi, hata kwa simu: nani anafanya nini leo na nini kimemkwamisha. Msimbo wote ukae kwenye Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, na uunganishwe kila siku. Matawi, yaani nakala ambazo kila mmoja anazifanyia kazi, yakikaa wiki mbili bila kuunganishwa, siku ya mwisho ya mzunguko itakuwa ya kupigana na faili badala ya kwenda kituoni.

Mambo machache ya kiufundi yanaokoa mizunguko mingi baadaye, kwa sababu ni magumu kuyabadilisha data ikishajaa.

Usihifadhi lita na shilingi kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta. Iambie lugha ya programu kama Python au JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, itakupa 0.30000000000000004. Hifadhi mililita na shilingi kwa namba nzima. Lita 7.5 ni 7500.

Kila rekodi ipewe utambulisho wa pekee na simu yenyewe, kabla ya kutumwa. Mtandao ukikatika, simu itatuma tena, na seva itatambua kwamba rekodi hiyo imeshafika. Bila hivyo mfugaji mmoja atalipwa mara mbili, mwingine atanung'unika, na imani itaondoka.

Bei iwe na tarehe ya kuanza. Bei ya lita ikipanda katikati ya mwezi, usifute ya zamani, ongeza mpya. Maziwa ya tarehe 10 yalipwe kwa bei ya tarehe 10.

Andika majaribio ya kujiendesha kwa hesabu za pesa kwanza, hata kama hamna muda wa kuandika mengine. Chukua mfano wa karatasini: lita 7.5 na lita 4.25, kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 kwa lita, ni shilingi 11,750. Toa pumba za shilingi 5,000, zinabaki 6,750. Jaribio likimbie kila msimbo unapobadilika. Kujenga kwa kurudia kunamaanisha kugusa tena na tena kitu kilichokuwa kinafanya kazi, na bila majaribio kila mguso ni bahati nasibu.

Hatua ya 7: Peleka kituoni, daftari likiwa mezani

Usimnyang'anye karani daftari. Wiki za mwanzo aandike kote kuwili. Ni mzigo kwake, kwa hiyo mmoja wenu awepo asubuhi hizo kumsaidia kubeba madumu na kusoma namba. Foleni ikiisha, linganisheni jumla ya simu, jumla ya daftari na kipimo cha tanki. Tofauti yoyote iandikwe na itafutiwe sababu siku hiyohiyo.

Wakati anatumia, nyamaza. Hili ni gumu kwa aliyejenga. Karani akibonyeza mahali pasipo, usiseme "hapana mama, bonyeza pale". Andika alipobonyeza. Alipobonyeza ndipo kitufe kinapotakiwa kuwa. Ukimfundisha kuzunguka kasoro zako, umezificha, na karani wa kituo cha pili atazikuta palepale.

Utagundua mambo ambayo hakuna kikao kingeyatoa. Skrini inaonyesha 07:00 wakati daftari lote linasema saa 1 asubuhi. Wafugaji wawili wana jina moja na baba mmoja. Mtoto aliyetumwa hajui namba ya kadi, ila anajua jina la ng'ombe. Haya ndiyo yanayoingia juu ya orodha ya mzunguko unaofuata.

Hatua ya 8: Vikao viwili vya kufungia

Cha kwanza ni cha kuonyesha. Kifanyike kituoni, na anayeonyesha awe karani mwenyewe, kwa data halisi ya wiki hiyo. Meneja na wajumbe wa bodi waulize. Epukeni slaidi. Mjumbe akisema "ingekuwa vizuri kama…", andika, msikatae wala msiahidi, kisha meneja apange mahali pake kwenye orodha.

Cha pili ni cha timu peke yake, nusu saa: tulifanyaje kazi, na jambo gani moja tubadilishe mzunguko ujao. Moja tu. Timu inayotoka na orodha ya maazimio saba haitekelezi hata moja.

Hatua ya 9: Panga upya, na utenge muda wa kurudia

Timu changa hupanga mzunguko wa pili kwa vitu vipya vitupu, kana kwamba kipande cha kwanza kimekwisha. Huko ni kuongeza bila kurudia. Tenga karibu theluthi ya kila mzunguko kwa yale yaliyorudi kutoka kituoni. Skrini ya kuandikia lita huenda ikafanywa upya mara tatu kabla haijaenda kwa kasi ya foleni, na ni kazi halali, ilipiwe.

Katika mfano wetu mpangilio unaweza kuwa hivi: mzunguko wa kwanza, kuandika lita; wa pili, kuandika bila intaneti na kusahihisha makosa; wa tatu, bei na makato; wa nne, hesabu ya malipo ya nusu mwezi, ikilinganishwa na ya mkono; wa tano, ujumbe wa simu kwa mfugaji. Lakini kama baada ya wa pili wafugaji wanalalamika kutojua lita zao kuliko kitu kingine chochote, ujumbe unatangulia na hesabu ya malipo inasubiri. Uamuzi huo utoke kwenye mliyoyasikia kituoni.

Pimeni mwendo kwa vitu viwili. Cha kwanza ni kazi ngapi zilizokamilika kwa maana iliyobandikwa ukutani. Baada ya mizunguko mitatu hivi mtaweza kumwambia mwenyekiti kwa ukweli lini kilichobaki kitaisha. Cha pili ni asubuhi ngapi jumla ya simu ililingana na daftari. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachoruhusu kuacha daftari.

Hatua ya 10: Kuacha daftari na kwenda kituo cha pili

Uamuzi wa kuacha daftari ni wa karani na meneja, si wa timu. Kigezo kinachofaa ni kipindi kizima cha malipo ambacho hesabu ya mfumo imelingana na ya mkono kwa kila mfugaji. Hata hapo, mfumo uwe unachapa au kuhifadhi orodha ya siku inayosomeka bila simu, kwa ajili ya siku umeme umekatika na chaji imeisha.

Kituo cha pili kianze upya kutoka hatua ya 1, kwa ufupi. Asubuhi mbili za kukaa pembeni ya karani wake zinatosha kuonyesha kama huko makato yanaandikwa tofauti, kama maziwa ya jioni yanapokelewa, kama gari hufika saa nyingine. Waleteni makarani hao wawili pamoja, na wa kwanza amfundishe wa pili. Ninyi kaeni nyuma na daftari la kuandikia maswali yanayoulizwa.